Upangaji wa Vitomeo kwa Nyuga Nyingi katika Kamusi ya Kiswahili ya Kidijitali

Ikisiri

Kamusi inapohamishwa kutoka kwenye kadi na karatasi na kuingizwa kwenye kompyuta, kila kitomeo chake hugeuka kuwa data yenye sehemu kadhaa, zikiwamo kidahizo, kategoria ya neno, ngeli, mzizi na fasili. Kuvipanga vitomeo vya namna hiyo kunahitaji kanuni inayozingatia zaidi ya sehemu moja. Makala haya yanaeleza namna kanuni hiyo inavyojengwa katika programu ya kompyuta na yanabainisha makosa ya kawaida yanayoivuruga. Mifano imetolewa kutoka katika homonimu kama kata, mbuzi na panda, na katika maneno yenye ng'. Makala yanaonesha kwamba mfuatano wa sehemu hizo, na thamani ya kila moja, ni uamuzi wa kiisimu kabla ya kuwa suala la kiufundi. Mwanaleksikografia asipoutamka uamuzi huo, kompyuta hufuata nambari za alama zake, na neno linaweza kuwamo ndani ya kamusi bila kupatikana.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefungua kamusi hutegemea jambo moja ambalo kwa kawaida halifikirii: kwamba kila neno lina mahali pake, na kwamba mahali hapo panaweza kukisiwa kabla ya ukurasa kufunguliwa. Kamusi ya karatasi humvumilia anayekisia vibaya. Jicho lake likikosa neno ng'ombe pale alipolitarajia, hupanda na kushuka katika ukurasa mpaka likaliona. Programu ya kompyuta haina jicho la namna hiyo.

Njia mojawapo iliyozoeleka ya kutafuta neno katika orodha iliyopangwa ni kuigawa orodha nusu kwa nusu. Programu hutazama neno la katikati, huamua kama neno linalotafutwa liko kabla au baada ya hilo, kisha huiacha nusu isiyohusika na kurudia hatua hiyo katika nusu iliyobaki. Kwa njia hii, orodha ya vidahizo 30,000 haihitaji ulinganishaji zaidi ya mara 15. Hata hivyo, kasi hiyo ina sharti: kanuni iliyotumika kupanga na kanuni inayotumika kutafuta lazima iwe moja. Chukulia orodha iliyopangwa kwa kupuuza ritifaa, ambamo ng'ombe liko kati ya ngoma na ngome. Chukulia pia kwamba programu ya utafutaji huihesabu ritifaa kuwa alama inayotangulia herufi zote. Programu hiyo ikikutana na neno ngano njiani, itaamua kwamba ng'ombe liko kabla yake, itaacha sehemu yote inayofuata, na hatimaye itatoa jibu kwamba neno halimo. Neno limo, lakini programu imelitafuta upande ambao halipo.

Tatizo hili huongezeka pale kinachopangwa kinapokuwa kitomeo kizima chenye sehemu nyingi, na si neno peke yake. Watunga kamusi za Kiswahili wamelishughulikia suala la mpangilio tangu enzi za kamusi za wamisionari, lakini walifanya hivyo kwa mkono, na mengi ya maamuzi yao yalibaki katika mazoea ya wahariri bila kuandikwa. Kompyuta haiwezi kurithi mazoea ambayo hayajaandikwa. Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, maamuzi ambayo mwanaleksikografia anapaswa kuyatamka ili programu iweze kuvipanga vitomeo vyake kama anavyokusudia.

2.0 Kitomeo kama Aina ya Data

Lugha za programu huja na aina chache za data za msingi, hususani nambari na mifuatano ya herufi. Kwa aina hizi, kompyuta tayari inajua ipi itangulie: 3 hutangulia 7, na baba hutangulia mama. Juu ya msingi huo, mtunga programu anaweza kuunda aina mpya ya data kwa kuzikusanya sehemu kadhaa chini ya jina moja. Katika makala haya, kila sehemu ya aina hiyo inaitwa uga (wingi: nyuga). Kitomeo cha kamusi ni mfano mzuri wa data ya aina hii. Kwa mahitaji ya mjadala huu, kinaweza kuwa na nyuga zifuatazo:

(1)
a. kidahizo: neno linalofafanuliwa
b. kategoria: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kadhalika
c. ngeli: kwa nomino pekee
d. nambari ya usajili: nambari ambayo kitomeo hupewa mara moja kinapoingizwa katika hifadhi, na ambayo haibadiliki
e. mzizi: kiini cha kimofolojia cha neno
f. fasili: maana ya neno

Kompyuta inayojua kupanga nambari na herufi haijui kupanga vitomeo. Ikipewa vitomeo viwili, haina namna ya kuamua kipi kitangulie mpaka ielezwe ni uga upi utazamwe kwanza na upi ufuate. Data ifuatayo, ambayo nambari zake za usajili ni za mfano tu, itatumika katika sehemu zilizobaki za makala:

(2)
a. kata, kitenzi, (ngeli: tupu), 212, 'tenganisha kitu kwa chombo chenye makali'
b. kata, nomino, i-/zi-, 98, 'sehemu ya utawala iliyo chini ya tarafa'
c. kata, nomino, i-/zi-, 1047, 'chombo cha kuchotea maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi'
d. kata, nomino, i-/zi-, 305, 'duara la nguo au majani linalowekwa kichwani ili kubebea mzigo'
e. mbuzi; nomino; i-/zi-; 640; 'kifaa cha kukunia nazi'
f. mbuzi, nomino, a-/wa-, 17, 'mnyama afugwaye kwa nyama na maziwa'
g. panda, kitenzi, (ngeli: tupu), 455, 'kwea'
h. panda, kitenzi, (ngeli: tupu), 31, 'fukia mbegu au mche ardhini ili uote'

Data hii inaonesha kwa nini uga mmoja hautoshi. Kidahizo kinatenganisha kata na mbuzi, lakini hakitenganishi mbuzi na mbuzi. Ngeli inatenganisha mbuzi wawili hao, lakini haina la kusema kuhusu panda mbili, kwa kuwa zote ni vitenzi. Kata tatu ambazo ni nomino zinafanana katika kidahizo, kategoria na ngeli. Ni nambari ya usajili tu inayozitofautisha kabla ya kufikia fasili.

3.0 Kanuni ya Kulinganisha

Kanuni ya kulinganisha vitomeo viwili, X na Y, inaweza kuelezwa kwa hatua zifuatazo:

(3)
a. Linganisha vidahizo. Vikitofautiana, toa jibu na usiendelee.
b. Vidahizo vikiwa sawa, linganisha kategoria. Zikitofautiana, toa jibu na usiendelee.
c. Kategoria zikiwa sawa, linganisha ngeli. Zikitofautiana, toa jibu na usiendelee.
d. Ngeli zikiwa sawa, linganisha nambari za usajili na utoe jibu.

Jambo la msingi katika (3) ni kwamba uga wa pili hauulizwi kamwe iwapo uga wa kwanza umekwisha kutoa jibu. Nyuga hazijumlishwi, wala hazipigiwi kura. Kata lenye nambari 1047 hutangulia panda lenye nambari 31, kwa kuwa swali la nambari halifikiwi.

Kanuni hii si ngeni kwa mwanaleksikografia. Ndiyo anayoitumia anapolinganisha kata na kaka: herufi ya kwanza ni sawa, ya pili ni sawa, ya tatu inatofautiana, na hapo jibu hupatikana bila kutazama ya nne. Wanahisabati wameuita mpangilio wa namna hii mpangilio wa kikamusi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo, kupanga vitomeo kwa nyuga nyingi ni kuitumia tena, katika ngazi ya kitomeo, kanuni ileile ambayo kamusi imekuwa ikiitumia katika ngazi ya herufi.

Ikiwa nomino zitatangulia vitenzi, na ngeli ya a-/wa- itatangulia ngeli ya i-/zi-, data iliyo katika (2) itapangika hivi: 2b, 2d, 2c, 2a, 2f, 2e, 2h, 2g. Baada ya mpangilio huo kupatikana, programu inaweza kuzipa homonimu nambari zake ndogo za kuchapishwa: kata¹ ni eneo la utawala, kata² ni duara la kubebea mzigo, na kuendelea. Hapa pana tahadhari muhimu. Nambari ya kuchapishwa ni zao la mpangilio, na inaweza kubadilika pale kitomeo kipya kinapoongezwa. Kwa hiyo, marejeo ya ndani, yaani yale yanayomwelekeza msomaji kutoka kitomeo kimoja hadi kingine, yahifadhiwe kwa nambari ya usajili. Yakihifadhiwa kwa nambari ya kuchapishwa, kuongezwa kwa homonimu moja kunaweza kumpeleka mwanafunzi aliyetaka duara la mzigo kwenye chombo cha kuchotea maji.

3.1 Makosa Matatu ya Kawaida

Kosa la kwanza ni kuziunganisha nyuga kwa neno au. Mtunga programu huandika kwamba X hutangulia Y ikiwa kidahizo chake kinatangulia au nambari yake ni ndogo. Kwa kanuni hiyo, 2c hutangulia 2h kwa sababu kata hutangulia panda. Papo hapo 2h hutangulia 2c kwa sababu 31 ni ndogo kuliko 1047. Kila kimoja kinamtangulia mwenzake. Matokeo yatategemea kitomeo kipi kilitazamwa kwanza, na orodha ileile ikipangwa mara mbili inaweza kutoa mifuatano miwili.

Kosa la pili ni kuziunganisha nyuga kwa neno na. Hapa X hutangulia Y pale tu kidahizo kinapotangulia na nambari nayo inapokuwa ndogo. Athari yake ni ya kujificha zaidi. Kati ya 2a (kata, 212) na 2h (panda, 31) hakuna kinachotangulia, hivyo programu huvihesabu kuwa sawa. Kati ya 2h (panda, 31) na 2e (mbuzi, 640) pia hakuna kinachotangulia, hivyo navyo huhesabiwa sawa. Lakini 2a (kata, 212) hutangulia 2e (mbuzi, 640) bila shaka. Kitu cha kwanza ni sawa na cha pili, cha pili ni sawa na cha tatu, ilhali cha kwanza si sawa na cha tatu. Mbinu zote za upangaji zinazotegemea ulinganishaji huchukulia kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Likitokea, hakuna hakikisho lolote kuhusu orodha itakayopatikana.

Kosa la tatu ni kuzigandisha nyuga pamoja ili ziwe mfuatano mmoja wa herufi, kisha kuupanga mfuatano huo. Njia hii huvutia kwa wepesi wake. Chukulia kaa ambalo ni nomino na kaanga ambalo ni kitenzi. Kidahizo kikigandishwa na kategoria, hupatikana kaanomino na kaangakitenzi. Herufi nne za kwanza ni sawa. Ya tano ni o katika mfuatano wa kwanza na g katika wa pili. Kwa kuwa g hutangulia o, kaanga litawekwa kabla ya kaa. Mpaka kati ya neno na maelezo yake umefutika, na herufi za istilahi ya kisarufi zimeingia katika tahajia ya neno.

4.0 Thamani ya Kila Uga

Kujua mfuatano wa nyuga hakutoshi. Kila uga una namna yake ya kulinganishwa, na ni hapa ambapo sifa za Kiswahili zinajitokeza kwa uwazi zaidi.

4.1 Kidahizo

Kompyuta huihifadhi kila alama kwa nambari. Katika mfumo wa Unicode, herufi kubwa A hadi Z zina nambari 65 hadi 90, na herufi ndogo a hadi z zina nambari 97 hadi 122. Programu isiyopewa maelekezo mengine hulinganisha nambari hizi. Matokeo ya kwanza ni kwamba kidahizo Kiswahili, kinachoanza kwa herufi kubwa, huwekwa kabla ya vidahizo vyote vinavyoanza kwa herufi ndogo, hata kabla ya abiri na adabu.

Matokeo ya pili yanaihusu ng'. Sauti hii, ambayo ni nazali ya kaakaa laini, ni fonimu kamili katika Kiswahili, lakini katika maandishi huwakilishwa na alama tatu, mojawapo ikiwa ritifaa. Ritifaa iliyonyooka ina nambari 39, ambayo ni ndogo kuliko ya herufi yoyote. Kwa hiyo ng'oa, ng'ombe na ng'ambo yote huwekwa kabla ya ngalawa. Lakini programu nyingi za uandishi huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo ina nambari 8217, kubwa kuliko ya herufi zote za alfabeti ya Kiswahili. Neno lililoandikwa kwa ritifaa ya aina hiyo huwekwa baada ya nguzo na baada ya maneno yote mengine yanayoanza na ng. Wachapaji wawili wakiigawana kazi ya herufi N, mmoja akitumia alama hii na mwingine ile, maneno ya fonimu moja yatatawanyika katika ncha mbili za orodha. Jicho la msomaji haliioni tofauti hiyo. Kompyuta haioni kitu kingine isipokuwa hiyo.

Suluhisho lina hatua mbili. Kwanza, ritifaa zote zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya upangaji. Pili, uamuzi utolewe kuhusu hadhi ya ng' katika alfabeti. Zipo njia mbili za msingi. Ya kwanza ni kuihesabu ng' kuwa herufi kamili yenye mahali pake, tuseme baada ya ng; kwa njia hii, maneno yote ya ng' hukaa pamoja. Ya pili ni kuipuuza ritifaa, ili ng'ombe likae kati ya ngoma na ngome. Njia ya pili humfaa mwanafunzi asiye na hakika kama neno lina ritifaa, lakini huleta usawa wa bandia: ngoa, nomino yenye maana ya tamaa au wivu, na ng'oa, kitenzi, huwa neno moja machoni pa programu.

Usawa huo huondolewa kwa kuongeza ngazi. Kanuni ya upangaji ya Unicode hulilinganisha neno kwa ngazi kadhaa: kwanza herufi zenyewe, kisha alama zinazoambatana na herufi, kisha ukubwa au udogo wa herufi. Ngazi ya pili huulizwa pale tu ya kwanza inapotoa sare. Mtunga kamusi ya Kiswahili anaweza kufuata muundo huohuo kwa kulinganisha kwanza maneno bila ritifaa, na kuitazama ritifaa pale tu maneno yanapolingana. Kwa maneno mengine, hata uga mmoja wa kidahizo unaweza kubeba ndani yake ulinganishaji wa nyuga nyingi.

Suala la herufi unganishi nyingine ni jepesi zaidi, ingawa nalo linahitaji kauli. Kwa ch, uamuzi hauna athari yoyote, kwa sababu c haisimami peke yake katika Kiswahili Sanifu. Kwa sh, athari ni kubwa. Ikihesabiwa kuwa herufi kamili inayofuata s, shamba huwekwa baada ya suka. Ikihesabiwa kuwa s na h, shamba huwekwa kabla ya sikio. Hali kadhalika kwa dh, gh, kh, ny na th. Kwamba huu ni uamuzi wa taasisi za lugha, na si sheria ya maumbile, kunathibitishwa na Kihispania. Vyuo vya lugha hiyo viliamua mwaka 1994 kuacha kuzihesabu ch na ll kuwa herufi zinazojitegemea katika mpangilio wa kamusi.

4.2 Kategoria na Ngeli

Kategoria huandikwa kwa herufi, lakini thamani yake si ya kiherufi. Programu ikiachwa ipange majina ya kategoria kwa alfabeti, itapata kielezi, kitenzi, kivumishi, nomino. Mfuatano huo hauna msingi wowote wa kisarufi. Umetokana na tukio kwamba istilahi tatu kati ya hizo zinaanza na ki-. Istilahi zikibadilishwa, kwa mfano nomino ikiitwa jina, mpangilio wa kamusi nzima hubadilika bila neno hata moja la lugha kuguswa.

Ngeli nazo ni hivyohivyo. Alfabeti huweka a-/wa-, i-/zi-, ki-/vi-, li-/ya-, u-/i-, ilhali mazoea ya ufundishaji yana mfuatano mwingine. Kwa hiyo, kategoria na ngeli zinapaswa kuhifadhiwa kama orodha funge, ambamo kila kipengele kimepewa nafasi yake na mtunga kamusi: nomino 1, kitenzi 2, kivumishi 3, na kuendelea. Programu hulinganisha nafasi, si majina.

4.3 Nambari na Uga Mtupu

Nambari iliyohifadhiwa kama mfuatano wa herufi hulinganishwa kama herufi. Nambari za usajili za kata ambazo ni nomino, yaani 98, 305 na 1047, zitapangwa 1047, 305, 98, kwa sababu tarakimu 1 hutangulia 3, na 3 hutangulia 9. Mtafiti anayetumia nambari za ngeli za Kibantu hukutana na tatizo hilohilo: ngeli ya 10 huwekwa kabla ya ngeli ya 2. Nambari zihifadhiwe kama nambari.

Uga mtupu unahitaji uangalifu wa aina yake. Kitenzi hakina ngeli, na kuuacha uga huo wazi ni sahihi kiisimu. Lakini programu lazima iambiwe kama utupu unatangulia au unafuata. Katika baadhi ya lugha za programu, ikiwamo Python, kulinganisha utupu na mfuatano wa herufi husimamisha kazi kwa hitilafu. Katika kanuni ya (3), hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa kategoria huulizwa kabla ya ngeli, na kitenzi hakifiki kulinganishwa na nomino katika uga wa ngeli. Mfuatano wa nyuga ukigeuzwa, hatari hiyo hurudi.

5.0 Upangaji kwa Hatua

Kanuni ya (3) hulinganisha nyuga zote katika mpito mmoja. Ipo njia ya pili: kuipanga orodha nzima mara kadhaa, kila mara kwa uga mmoja. Wengi hukisia kwamba upangaji uanze na uga ulio muhimu zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Orodha hupangwa kwanza kwa nambari ya usajili, kisha kwa ngeli, kisha kwa kategoria, na mwisho kwa kidahizo, kwa kuwa upangaji wa mwisho ndio unaotawala. Mashine za kadi zilizotobolewa, zilizotokana na kazi ya Herman Hollerith katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, zilitumiwa kwa namna hii: kadi zilipitishwa safu kwa safu, kuanzia safu yenye uzito mdogo.

Njia hii ina sharti moja. Vitu vinavyolingana katika uga unaopangwa lazima vibaki katika mfuatano viliokuwa nao. Mbinu yenye sifa hiyo huitwa tulivu. Bila utulivu, upangaji wa kidahizo utaziweka kata zote pamoja, lakini unaweza kuvuruga mfuatano wa kategoria uliopatikana katika hatua iliyotangulia. Mbinu ya kuunganisha orodha, iliyobuniwa na John von Neumann mwaka 1945, ni tulivu. Mbinu ya Tony Hoare, iliyochapishwa mwaka 1961 na kusifika kwa kasi yake, katika umbo lake la kawaida si tulivu. Python hutumia mbinu tulivu iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002, ilhali kiwango cha JavaScript kilianza kudai utulivu mwaka 2019. Anayepanga kwa hatua hana budi kujua zana yake iko upande upi.

Njia ya hatua inafaa pale nyuga zinapopangwa kwa mielekeo tofauti. Kamusi ya wanaojifunza lugha inaweza kuhitaji orodha ya maneno kuanzia yanayotumika sana, na yale yenye idadi sawa ya matumizi yapangwe kwa alfabeti. Uga wa idadi hushuka, uga wa kidahizo hupanda. Kuipindua orodha nzima hakutoshi, kwa kuwa alfabeti nayo itapinduka. Mbinu tulivu hutatua hilo kwa hatua mbili: alfabeti kwanza kwa kupanda, kisha idadi kwa kushuka.

6.0 Mpangilio wa Neno na Mpangilio wa Mzizi

Faida kubwa ya kuzitenganisha nyuga huonekana katika mjadala wa muda mrefu wa leksikografia ya Kiswahili: kama maneno yapangwe kwa umbo lake kamili au kwa mzizi wake. Katika kamusi ya Johnson (1939), vitenzi nyambulishi huwekwa ndani ya kitomeo cha kitenzi msingi, hivyo mtumiaji huona jamaa ya maneno mahali pamoja. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981), nomino kama mpishi hutafutwa chini ya M, kwa umbo lake. Kila njia ina gharama yake. Ya kwanza humtaka mtumiaji ajue mofolojia kabla ya kupata neno. Ya pili huwatawanya ndugu, kiasi kwamba imba, mwimbaji, uimbaji na wimbo hukaa chini ya herufi nne tofauti.

Katika karatasi, mtunga kamusi alilazimika kuchagua. Katika data yenye uga wa mzizi, halazimiki. Mfuatano wa kidahizo, kategoria, ngeli na nambari ya usajili humpa mtumiaji wa kawaida orodha aliyoizoea. Mfuatano wa mzizi, kategoria na kidahizo humpa mtafiti jamaa nzima ya -imb- katika sehemu moja. Hakuna kitomeo kilichoandikwa upya; kilichobadilika ni mfuatano wa maswali.

Hata hivyo, uga wa mzizi hauwezi kujazwa na programu kwa kukata herufi za mwanzo na mwisho. Mpishi, upishi na mapishi zina sh pale ambapo pika ina k, kutokana na mabadiliko ya sauti yanayosababishwa na kiambishi cha unominishaji -i. Programu inayotazama tahajia peke yake itaunda mizizi miwili, -pik- na -pish-, na kuitenga nomino na kitenzi chake. Kuijaza -pik- katika vitomeo vyote vinne ni kazi ya mwanamofolojia. Ubora wa upangaji hauwezi kuuzidi ubora wa uchambuzi uliotangulia kuingizwa katika nyuga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba upangaji wa vitomeo kwa nyuga nyingi unaongozwa na kanuni moja nyepesi: uga unaofuata huulizwa pale tu uliotangulia unapotoa sare. Ugumu umo katika maamuzi yanayoizunguka kanuni hiyo, nayo ni haya: nyuga ziulizwe kwa mfuatano upi, ng' na sh zihesabiwe vipi, nomino itangulie kitenzi au ifuate, uga mtupu ukae wapi, na mzizi uandikwe kwa umbo gani. Hakuna hata moja kati ya maamuzi hayo linalotokana na kompyuta yenyewe.

Kwa sababu hiyo, mradi wowote wa kamusi ya kidijitali ya Kiswahili unapaswa kuwa na waraka wa upangaji unaoandikwa na wanaleksikografia kabla ya programu kutungwa, na unaotumika kwa upangaji na kwa utafutaji vilevile. Waraka huo utaje nyuga na mfuatano wake, alfabeti inayofuatwa, nafasi ya kila kategoria na kila ngeli, na uga wa mwisho unaoondoa sare zote. Aidha, uambatane na orodha fupi ya maneno ya majaribio, kama vile kaa na kaanga, ngoa na ng'oa, na kata nne za mfano wa (2), ambayo programu itapimwa nayo kila inapobadilishwa. Jaribio la orodha kama hiyo huchukua muda mfupi, na litabaini hitilafu ya ng'ombe iliyotajwa mwanzoni kabla kamusi haijamfikia mwanafunzi.